Maksai Wangu na Haraka Yangu

Kila mwaka mwezi wa Februari unapokwisha, na vumbi la njia ya Misikhu linapoanza kutulia kwa manyunyu ya kwanza, wakulima wa upande wetu wa Webuye huwa na swali moja tu mioyoni mwao: shamba litalimwa na nani? Mwenye fedha huita trekta. Mwenye maksai huzitazama shingo zao na kuipaka nira yake mafuta. Asiye na hiki wala kile huenda kwa jirani na maneno matamu. Najua kwamba wasomaji wengi wa ukurasa huu ni wakulima, na wengine ni makarani kama mimi, ambao siku za kazi hulima kwa simu na siku ya Jumamosi hulima kwa mikono. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze kosa nililolifanya mwaka 2014. Lilikuwa kosa la mtu aliyesoma. Sikulifanya kwa kutojua hesabu. Nililifanya kwa sababu katika hesabu yangu nilisahau mstari mmoja.

Wakati huo nilikuwa na umri wa miaka 25, nimeajiriwa karibuni katika ofisi ya serikali, na mshahara ulikuwa umeanza kunitia kiburi kidogo. Shamba letu ni eka 4, chini ya vilima vya Chetambe. Kulimiwa kwa trekta mara mbili kulitugharimu shilingi 24,000 kila mwaka. Basi usiku mmoja niliketi na karatasi, nikapiga mistari kama nilivyofundishwa shuleni kwa mapadre, nikaandika gharama upande huu na faida upande ule. Ndama wawili wa kiume waliohasiwa, wenye umri wa miaka 3 hivi, wangenigharimu shilingi 46,000. Plau kuukuu ilikuwapo nyumbani. Kwa hiyo, baada ya misimu miwili tu, fedha zangu zingekuwa zimerudi, na maksai wangebaki kuwa faida tupu. Nilipiga mstari chini ya jumla kwa wino mwekundu, nikalala usingizi mzuri.

Mwezi wa Machi nilikwenda mnadani nikanunua ndama hao wawili. Mmoja alikuwa mwekundu, mwepesi wa miguu, macho yake hayatulii. Watoto wa boma wakamwita Pesa, maana hakukaa mahali pamoja. Wa pili alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani, mzito, mpenda kusimama kivulini. Huyo walimwita Karani. Sikuuliza sababu.

Babu yangu alitoka nje na mkongojo wake kuwatazama. Alikuwa na miaka 82. Aliwazunguka kwa mbali, bila kusema neno, kisha akaniuliza kwa ule utani ambao babu na mjukuu wameruhusiwa, "Bwana karani, hawa wamekwisha kukuona?"

Nikamjibu, "Babu, tumetembea nao tangu asubuhi kutoka mnadani. Wangekosaje kuniona?"

Akasema, "Wameiona fimbo yako. Wewe bado." Kisha akaniomba nimwachie ndama wale mpaka mvua za mwaka unaofuata. Nilicheka. Nikamwambia kwamba mvua haingoji, wala benki haingoji. Yeye akaitikia kwa kichwa, akarudi kuketi mahali pake. Wazee wetu hawashindani na kijana aliyeshika karatasi.

Hapa sina budi kueleza kidogo habari za Babu, maana bila hizo habari hii haina maana. Alizaliwa upande huu huu, lakini ujana wake aliutumia Kitale. Yafaa vijana wakumbuke kwamba nchi ya Trans Nzoia zamani hizo ilikuwa imetengwa kuwa mashamba ya Wazungu. Mwaka 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika ya Kusini lilipanda kwenda Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na maksai, na gari moja liliweza kufungwa maksai 16. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza walowezi waliongezeka Trans Nzoia pia. Kabla ya trekta kuenea, maksai ndio waliovunja ardhi ile, na wengi wa watu waliowaongoza walitoka kwetu. Walioiona kazi hiyo kule juu walirudi nayo nyumbani, na hiyo ni njia mojawapo iliyofanya plau ienee katika sehemu zetu, hasa upande wa Kimilili, katika miaka ya 1920 na 1930.

Lakini farasi hawakushuka pamoja na plau. Farasi ni mnyama wa gharama, tena huuawa upesi na maradhi: nagana inayoenezwa na mbung'o, na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi. Basi Babu, ambaye alikuwa saisi kwa zaidi ya miaka 10 katika shamba moja karibu na Kitale, mpaka mwenye shamba alipouza na kuondoka baada ya Uhuru wa mwaka 1963, alirudi Webuye bila farasi hata mmoja. Alirudi na mikono yake tu. Sisi wajukuu tulidhani kwamba ujuzi huo wa farasi ulikuwa jambo la masimulizi ya jioni, lisilo na faida kwa watu wa mahindi na miwa. Nami nilikuwa wa kwanza kudhani hivyo.

Siku ya Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Aprili niliwaita vijana wanne. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka 17 na kusoma kidato cha tatu, alikuwa nyumbani kwa likizo. Yeye nilimweka mbele kuwaongoza ndama kwa kamba. Tuliwakamata kwa nguvu, tukawafunga nira, tukatia mnyororo na plau. Ndama hao hawakuwa wamewahi kuguswa shingoni ila kwa kufungwa. Karani alipiga hatua tatu, akalala chini, akanyoosha shingo kama aliyekufa. Tukampiga. Hakuondoka. Tukamsokota mkia. Hakuondoka. Ndipo kijana mmoja akaleta majani makavu na kiberiti, kama wafanyavyo watu wengine, ili amwashie nyuma apate kuinuka. Nami, naona haya kuandika, sikumkataza.

Moto ulipowaka, Karani hakuwa wa kwanza kuuona. Aliyeuona ni Pesa. Aliruka na kumvuta mwenzake mzimamzima, plau ikainuka juu na kugeuka kama mkia wa nge, ikampiga mdogo wangu mguuni chini ya goti. Nilisikia sauti ya mfupa kabla ya kusikia sauti yake. Mpaka leo, karatasi inapopasuka ofisini, wakati mwingine hushtuka.

Mfupa wa muundi ulivunjika mahali pawili. Alitiwa plasta, akakaa nyumbani muhula wote wa pili, na mwaka uliofuata akarudia kidato cha tatu. Pesa hakukubali tena mtu mwenye kamba kumkaribia. Alipiga pembe kila aliyejaribu, na mwezi wa Mei nilimwuza kwa mchinjaji kwa shilingi 17,000. Shamba lililimwa kwa trekta, kwa deni, na kwa kuchelewa. Karani alibaki zizini. Kila alipoona nira, alilala.

Babu hakunilaumu. Jambo hilo lilinisumbua kuliko kulaumiwa. Jioni moja nilikwenda kuketi naye, nikamwambia kwamba nimekosa. Alinyamaza kwa muda, kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwa amelisimulia kamwe katika hadithi zake za Kitale. Palikuwa na farasi jike mmoja, mtoto, hata miaka miwili alikuwa hajaitimiza vizuri. Kijana mmoja mgeni wa shambani alitaka kumpanda kabla ya kurudi kwao, basi ikaamriwa atandikwe kwa siku chache badala ya miezi. Babu alijua kwamba si vizuri. Hata hivyo alitii. Farasi alipogoma alipewa mjeledi. "Mkono ulioshika mjeledi ni huu," aliniambia, akaufungua mkono wake mbele ya moto. Tangu siku hiyo farasi yule hakuruhusu tandiko mgongoni mwake. Alimwangusha kila aliyempanda, na mwishowe alipigwa risasi, maana hakuwa na kazi tena. Babu akasema, "Mimi nilifunzwa kwa farasi wa mtu mwingine. Wewe umefunzwa kwa ndugu yako. Sasa tuanze."

Kazi yenyewe aliianza kwa namna iliyonishangaza. Alichukua kigoda, akakiweka karibu na uzio wa zizi, akamwambia mdogo wangu aketi hapo na mguu wake wa plasta. Hakumpa kamba wala fimbo. Alimpa chumvi kidogo mfukoni na kitabu chake cha shule. "Soma," alimwambia, "na ukichoka kusoma, mwite jina lake." Siku ya kwanza Karani alisimama mwisho kabisa wa zizi. Siku ya nne au ya tano alikuja kunusa plasta. Wiki ya pili alikuwa akilamba chumvi kiganjani, huku mdogo wangu akimsomea historia kwa sauti. Mimi nilipita asubuhi kwenda ofisini, nikapita jioni kurudi, na kila nilipotazama niliona kwamba hapana kazi inayofanyika. Hayo yalikuwa macho ya karani. Kumbe kazi yote ilikuwa ikifanyika pale.

Babu alitueleza kwamba mtoto wa farasi hufundishwa muda mrefu kabla ya mtu kumpanda, na kwamba yale yafanywayo chini, mtu akiwa amesimama ardhini, ndiyo yatakayoamua kama atakaa salama juu. Kwanza mnyama huzoea mkono. Farasi na ng'ombe wana macho pembeni mwa kichwa. Huona karibu pande zote, ila hawaoni nyuma yao kabisa, na kile kilicho karibu sana mbele ya paji la uso hawakioni vizuri. Kwa hiyo umwendee kwa upande wa bega, ukisema naye, usitokee nyuma kama mwizi. Umguse pale apendapo kwanza, shingoni na penye nundu, ndipo uende mgongoni, tumboni, miguuni, hata kwenye kwato. Akishtuka, usiondoe mkono kwa ghafula, wala usiulazimishe. Uutulize hapo mpaka yeye mwenyewe atulie, ndipo uuondoe.

Baada ya mkono hufuata kamba. Na hapa Babu alikuwa na kanuni moja ambayo aliirudia kila siku: mshahara wa mnyama ni kulegezewa. Unavuta kamba polepole, bila kumnyanyasa, unangoja. Akisogeza mguu mmoja tu, hata kwa bahati, unalegeza mara hiyo hiyo. Usipolegeza, hawezi kujua kwamba alilolifanya ndilo ulilolitaka. Ataona kwamba kuvutwa hakuna mwisho, naye ataanza kushindana au kulala. "Wewe ni mtu wa serikali," aliniambia. "Mshahara ukichelewa siku tano, moyo wako unakuwaje? Ng'ombe hawezi kungoja hata dakika moja." Siku hizi wataalamu wa tabia za wanyama hueleza jambo hilo hilo, kwamba mnyama hujifunza wakati shinikizo linapoondolewa, wala si wakati linapotiwa. Babu hakuwa amesoma kitabu chochote cha namna hiyo.

Wala jambo hili si geni duniani. Yuko Mgiriki mmoja aliyeitwa Xenophon, mwanajeshi aliyeishi karibu miaka 2,400 iliyopita, ambaye aliandika kitabu juu ya ufugaji na upandaji wa farasi. Nilikipata baadaye na kukisoma. Ndani yake ashauri kwamba mtoto wa farasi azoeshwe kumwona binadamu kuwa ndiye amwondoleaye njaa, kiu na nzi. Kwamba aguswe pale apendapo kuguswa. Na kwamba apitishwe penye watu wengi na makelele ili ajifunze kutoogopa. Niliposoma hayo nilimwona Babu wangu na kigoda chake.

Maana mdogo wangu alipotolewa plasta, mwezi wa Julai, ndivyo walivyofanya. Yeye alijifunza kutembea tena, na Karani alijifunza kuongozwa, na wote wawili walikwenda polepole. Walianza uani. Kisha wakaenda njia ya mtoni. Kisha wakapita karibu na watoto wa shule, pikipiki za bodaboda, na akina mama wenye miavuli. Mwisho walisimama mbali kidogo na barabara kuu iendayo Malaba, ambako malori marefu hupita yakinguruma usiku na mchana. Siku ya kwanza Karani alitetemeka. Hawakumlazimisha kusogea, walisimama tu naye akila majani, mpaka lori likawa jambo la kawaida kama mvua. Mguu mmoja wa kijana ulikuwa bado mwembamba kuliko wa pili, na watu waliowaona walisema kwamba ng'ombe huyo anamtembeza mgonjwa. Hawakukosea.

Kadhalika Babu aliwakusanya watu wote wa boma na kutupa amri juu ya maneno. Neno moja kwa jambo moja. Akiambiwa "simama" na huyu, asiambiwe "ngoja" na yule, wala "wee!" na wa tatu. Alisema kwamba ng'ombe wengi waitwao wajinga ni ng'ombe waliofundishwa lugha nne kwa siku moja na kupigwa kwa kukosa kuzielewa. Mimi niliyesoma lugha mbili kwa viboko niliona ukweli wa neno hilo.

Mwezi wa Agosti nilinunua ndama mwingine, mdogo kuliko Karani, aliyezaliwa kwa jirani na kuzoea watoto. Jina lake likabaki Jirani. Naye alipitia kigodani, mkononi na kambani. Tukaamua tangu mwanzo kwamba Karani atakaa kulia daima na Jirani kushoto, kwa kula, kwa kutembea na kwa kufungwa, maana maksai akizoea upande wake hukanganyikiwa ukimgeuza: wa kulia hutembea katika mfuo, na wa kushoto hutembea juu ya ardhi isiyolimwa.

Ikabaki nira. Babu aliikataa nira yangu ya zamani. Alitia mkono wake chini yake, akanionyesha mahali palipokwaruza, akasema, "Ungevaa kola hii kwenda ofisini?" Tulichonga mpya ya mti mwepesi, tukailainisha kwa kipande cha chupa na kuipaka mafuta, ili ikae mbele ya nundu bila kukata ngozi. Kisha, kama vile mtoto wa farasi awekewavyo gunia mgongoni kabla ya tandiko, na tandiko bila vikuku kabla ya tandiko kamili, na mshipi wa tumbo ukakazwa kidogo kidogo kila siku, ndivyo Karani alivyoletewa nira. Kwanza iliwekwa chini penye majani yake, akala karibu nayo. Alilala siku mbili za kwanza alipoiona. Hakuna aliyemgusa. Siku ya tatu alikula akiwa amesimama. Wiki iliyofuata mdogo wangu aliiweka shingoni mwake kwa muda wa kulamba chumvi, akaiondoa. Hapo Babu alinishika mkono, akasema, "Sasa amekuona."

Baadaye walifungwa wote wawili bila mzigo, wakatembezwa. Kisha mnyororo mtupu, ili wazoee sauti yake nyuma yao. Kisha gogo dogo, kisha gogo kubwa kidogo. Babu alimwongoza farasi kwa vigwe virefu, akitembea nyuma yake kwa miguu, kabla ya mtu yeyote kumpanda. Nasi tulitembea nyuma ya maksai vivyo hivyo kabla ya kugusa plau. Wataalamu wa kilimo husema kwamba maksai aliyezoea kazi huweza kuvuta kwa saa kadhaa kwa nguvu inayokaribia sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Maana yake, wa kilo 300 asitazamiwe kuvuta daima zaidi ya kilo 30 hivi. Mchanga asiyekomaa hawezi hata hivyo. Ndiyo sababu wenye busara huanza kazi nyepesi penye umri wa miaka mitatu, na hawaongezi ila baadaye. Farasi naye ni vivyo hivyo: mifupa ya mgongo wake huendelea kukomaa hata baada ya miaka 5, ijapokuwa kwa nje aonekana mtu mzima.

Na kila siku waliacha kabla maksai hawajachoka. Hilo lilinishinda kuelewa kuliko yote. Mambo yakienda vizuri mtu hutaka kuendelea. Babu alisema kwamba hapo ndipo pa kuacha, ili kesho mnyama akumbuke kwamba kazi iliishia kwa wema.

Februari mwaka 2015 tulitia plau. Tulianza katika kipande kilicholimwa tayari, ardhi ikiwa laini, kwa nusu saa tu. Niliwaita vijana wawili waje kusaidia, wakaketi ukingoni bila kazi. Mdogo wangu alitembea mbele bila kuvuta kamba. Mimi nilishika mikono ya plau, nayo ilitikisika kwa sababu nilikuwa natetemeka mimi, wala si kwa sababu ya ng'ombe. Alisema "twende", wakaenda. Alisema "simama", wakasimama. Mama yangu, ambaye tangu ajali ile hakuwa amekanyaga shambani wakati wa kulima, alisimama mlangoni na mikono kichwani. Kisha aliishusha, akaenda kupika.

Msimu ule walilima eka 2, na zile nyingine 2 nililipia trekta. Mwaka uliofuata walilima zote 4. Kazi yao ilikuwa ya asubuhi tu, saa nne au tano kwa siku, na eka moja iliwachukua asubuhi tatu. Wako watu wafungao maksai wanne wakamaliza upesi zaidi. Mimi sikuwa na haja. Karani alilima mpaka mwaka 2022, na kwa miaka yote hiyo hapakuwa na fimbo shambani ila ile ya kuonyesha njia.

Baada ya hayo niliitafuta ile karatasi yangu ya wino mwekundu nikaisahihisha. Upande wa gharama niliandika: hasara ya Pesa, gharama za hospitali, riba ya deni, mavuno ya kupanda kwa kuchelewa. Jumla yake ilizidi bei ya ndama wengine wawili. Mwaka mmoja wa masomo ya ndugu yangu sikujua niuandike katika safu gani, basi niliuacha nje, nao ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Kisha niliandika mstari niliousahau: siku za kumzoea mnyama kabla ya nira. Zilikuwa kama miezi saba, na gharama yake ilikuwa chumvi.

Nikiwa mtumishi wa serikali naongeza neno moja. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumtesa mnyama, kumpiga kikatili na kumtwisha kazi isiyomfaa. Moto tuliouwasha siku ile ulikuwa kosa la sheria, ijapokuwa umezoeleka vijijini. Lakini hata kama sheria haipo, shamba lenyewe litakuhukumu.

Babu alifariki mwaka 2017. Mdogo wangu ana kigugumizi kidogo cha mguu wa kushoto wakati wa baridi, na vijana wa Webuye humletea ndama zao. Mwaka huu, mvua zilipokaribia, alikuja kijana mmoja mwenye kazi nzuri mjini, ana ndama wawili wapya kutoka mnadani, na simu yake imejaa hesabu za eka na shilingi. Aliuliza kama waweza kufungwa plau Jumamosi ijayo. Nilitaka kumweleza habari hii yote tangu mwanzo, lakini mdogo wangu hakusema neno. Aliingia ndani, akatoka na kigoda.

Basi, ndugu msomaji, mwaka huu ukienda mnadani kununua ndama wa kulima, uwe na fedha za ndama, fedha za nira, na fedha za mnyororo. Kisha ukifika nyumbani, kabla ya kugusa kimojawapo cha hivyo, tafuta mahali pa kuketi.